Mtalii wa Miaka Mitatu

Kwa muda wa miaka mitatu, bwana mmoja aliyelala kwenye kitanda cha mke wake, akamwagilia maua ya mke wake na kugombana na paka wa mke wake, alikuwa, kwa mujibu wa sheria, mtalii. Hakuwahi kupanda mlima. Hakuwahi kuvaa kofia pana wala kupiga picha mnara wowote. Asubuhi alitandika kitanda, akachemsha chai, kisha akakaa kwenye meza ya chumba cha nyuma kusoma prufu, yaani kutafuta makosa katika vitabu vya shule kabla havijachapishwa, kazi aliyotumiwa na kampuni moja ya nchini kwao. Na kila siku tisini zilipokaribia kwisha, alipanda basi mpaka mpakani. Huko aligongewa muhuri wa kutoka, akatembea hadi lango la nchi jirani, akagongewa wa kuingia, akanywa soda, akageuka, akagongewa wa kutoka kule na wa kuingia huku. Jioni alikuwa mezani na mkewe, mtalii mpya kabisa, mwenye siku tisini nyingine mkononi.

Mama mkwe wake, kila alipokuja kuwatembelea, alimwuliza swali lile lile hata kabla hajavua viatu. "Mkwe wangu, hujambo? Na utalii wako unaisha lini?"

"Bado kidogo, mama," alijibu, akipokea mkoba.

"Haya. Utazame vizuri basi, usije ukaondoka hujaona kitu."

Siku hizi bwana huyu ndiye anayeisimulia habari hii mwenyewe, tena kwa madoido, na hujicheka kuliko wanaomsikiliza. Lakini wakati ule hakuona cha kuchekesha. Wakati ule alikuwa na cheo. Katika jengo walilopanga walikaa wageni wengi wa nchi mbalimbali, na wote walimwita Balozi. Jina lilianza kama utani, ila mwenyewe alilichukua kwa uzito wote, kama mtu aliyeapishwa. Walikuja kumwomba ushauri wa mambo ya mpakani, naye aliwapokea mlangoni, mikono nyuma. Usitabasamu kabla afisa hajatabasamu. Nenda na kalamu yako, tena ya wino mweusi. Usiseme unarudi nyumbani, sema unarudi hotelini. Usipange foleni ya afisa mwenye miwani mipya, maana huyo anaona kila kitu. Mwalimu wa muziki wa ghorofa ya tatu aliyaandika maneno haya kwenye daftari lake la nota. Balozi alimwona akiandika, kichwa kikamvimba wiki nzima.

Mkewe alikuwa mpima ardhi. Ni mtu wa vipimo, na ni mtu wa kusoma. Akinunua pasi ya umeme husoma kile kijitabu chake mpaka mwisho. Akinunua dawa ya kikohozi husoma karatasi iliyomo ndani ya boksi pande zote mbili, kisha ndipo akohoe. Balozi, ambaye kazi iliyomlisha ilikuwa kusoma, hakusoma kitu asicholipwa kukisoma.

Miezi mitano kabla ya siku ninayotaka kuieleza, mkewe alirudi kutoka idara ya uhamiaji na fomu yenye kurasa kumi na moja. Alijaza sehemu yake usiku mmoja na kesho yake akaiweka kwenye meza ya chumba cha nyuma.

"Isome, utie sahihi," alimwambia. "Tuachane na mambo ya kukimbizana na mihuri."

Balozi alisoma kichwa cha habari: Maombi ya Kibali cha Mtegemezi. Hapo hapo akaifunga. Mtegemezi! Neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Watoto wa chekechea ndio wategemezi. Vizee visivyo na meno ndio wategemezi. Yeye alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na moja, mwenye kazi yake na ndevu zake, anayevuka mipaka kwa miguu yake miwili. Aliichukua fomu, akaitia chini ya kamusi kubwa, akaendelea na prufu.

"Umeisoma ile fomu?" mkewe alimwuliza baada ya wiki.

"Nimeisoma."

"Yote?"

"Yote. Iko sawa."

Uwongo wenyewe ulimtoka kirahisi kabisa, kama kupiga chafya. Mpango wake ulikuwa kuisaini asubuhi ya siku ya mwisho, haraka, bila kuitazama, kama mtu anayemeza kwinini.

Siku ya mwisho ikapatikana. Mkewe alipewa miadi ya Jumanne saa tatu asubuhi, mume na mke wafike wenyewe, na pasipoti, na fomu. Atakayekosa anarudi mwisho wa foleni, na foleni wakati huo ilikuwa ya nusu mwaka. Tatizo ni kwamba siku ya tisini ya Balozi iliangukia Ijumaa, siku nne kabla.

"Nenda ofisini ukaombe nyongeza ya wiki moja," mkewe alisema. "Nimesoma, inaruhusiwa."

"Nyongeza ni ya wageni wasiojua mambo. Mimi nakwenda mpakani, nakunywa soda, narudi."

Mkewe alikunja karatasi aliyokuwa ameishika. "Jumanne nikienda peke yangu pale, sijui nitawaambia nini," alisema. "Sijui nitajiambia nini mwenyewe."

"Utaenda na mimi. Hivi umesahau unaongea na nani?"

Sasa, pasipoti ya Balozi ilikuwa imejaa. Safari kumi na mbili, kila safari mihuri minne, na maafisa wengine wana tabia ya kugonga katikati ya ukurasa mtupu kama wanapanda mti. Ukurasa mmoja tu ulikuwa umebaki mweupe, wa ishirini na tisa, nao ameubana kwa kibanio cha karatasi, mtu asiuguse. Alijua kwa hakika kwamba kibali kikitoka huwa ni stika kubwa inayobandikwa kwenye pasipoti na kumeza ukurasa mzima. Alijua kwa sababu aliwahi kuiona moja, kwenye pasipoti ya jirani mmoja aliyehama zamani. Bila ukurasa mtupu hakuna kibali, na pasipoti mpya kutoka nchini kwao ingechukua miezi minne. Zaidi ya ukurasa huo, nafasi iliyobaki ilikuwa kona moja ya ukurasa wa kumi na saba, ukubwa wa viberiti viwili.

Viberiti viwili, mihuri minne. Mtu mwingine angekwenda kuomba nyongeza. Balozi akakaa na kalamu yake ya wino mweusi, akapiga mahesabu, na ujuzi wote wa miaka mitatu ukamzalia wazo. Kwani lazima aingie kule? Anachotakiwa ni kutoka huku na kuingia tena huku. Muhuri wa kutoka, muhuri wa kuingia: miwili. Huko katikati atakaa tu kidogo, avute pumzi, arudi. Alishangaa kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria jambo hilo. Angejiuliza kwa dakika moja zaidi angepata jibu, lakini hakujiuliza.

Ijumaa saa nne asubuhi alikuwa dirishani. Afisa wa kutoka alikuwa mzee mmoja mwenye usingizi.

"Hapo kwenye kona, afande, tafadhali," Balozi alimwelekeza kwa kidole.

Mzee akagonga kwenye kona. Safi kabisa. Balozi akatoka nje akiwa mwepesi kama karatasi.

Kati ya lango la huku na lango la kule pana barabara ya karibu nusu kilomita, malori yamejipanga pembeni yakingoja karatasi zao, madereva wamelala chini yake kwenye mikeka. Penye jiwe la mpaka, nguzo fupi ya zege iliyopakwa chokaa, mama mmoja aliuza soda na vocha za simu. Balozi alinunua soda, akakalia jiwe, akatoa prufu za jiografia ya darasa la tano na kusahihisha kurasa sita. Baada ya dakika arobaini aliona amekwisha kuwa mgeni vya kutosha. Akafuta midomo, akageuka.

Upande wa kuingia dirisha lililokuwa wazi lilikuwa moja tu, na aliyekaa nyuma yake alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mipya, inayong'aa, bado ina alama ya kibandiko kwenye kioo. Balozi alitamani kurudi nyuma. Nyuma yake palikuwa na watu saba.

Yule mama alifungua ukurasa wa kumi na saba, akaangalia, akafungua wa kumi na nane, akarudi.

"Umetoka kwetu leo saa nne."

"Ndiyo, afande."

"Ukaingia wapi?"

"Ng'ambo."

"Muhuri wao uko wapi?"

Balozi alikohoa. "Sikukaa sana."

"Sikukuuliza umekaa kiasi gani. Nimekuuliza muhuri." Alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena. "Sikiliza, kaka yangu. Nikikuingiza lazima niandike unatoka nchi gani. Wewe unatoka nchi gani sasa hivi?"

"Natoka... hapo nje."

"Hapo nje si nchi. Imeandikwa hapo ukutani, nyuma yako."

Balozi aligeuka. Ukutani palikuwa na tangazo kubwa kama mlango, herufi nyekundu: MSAFIRI ANAYERUDI AONYESHE MUHURI WA KUINGIA NA WA KUTOKA WA NCHI JIRANI. Karatasi ilikuwa imepauka kwa jua. Amepita mbele yake mara kumi na mbili.

"Nenda kalete," mama akasema. "Anayefuata."

Akaenda. Kwenye lango la nchi jirani alimkuta afisa mnene, mcheshi, mwenye muhuri mkubwa mbele yake, mtu aliyeonekana kuipenda sana kazi yake.

"Karibu, ndugu yangu, karibu kwetu! Unakaa siku ngapi?"

"Natoka sasa hivi."

"Mara hii? Haya. Mihuri miwili basi." Akaanza kufungua kurasa, muhuri uko hewani. "Mbona hapa pamejaa hivi? Wewe ni dereva?"

"Mtalii. Naomba ugonge hapa, ukurasa wa kumi na saba, juu ya hii ya zamani. Imeshafifia."

"Muhuri juu ya muhuri hausomeki. Mkuu wetu hataki hata kusikia." Akaendelea kufungua, akafika kwenye kibanio, uso ukamchanua. "Aa! Si huu hapa, mweupe pee!"

"Hapana! Huo umehifadhiwa."

"Umehifadhiwa na nani?"

"Na mimi."

Afisa aliweka muhuri chini, akamtazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Ndugu yangu, bila nafasi siwezi. Ukibadili mawazo, mimi nipo mpaka saa kumi na mbili."

Akarudi kwa mama wa miwani, akasihi. Mama alimwonyesha ukuta kwa kidole. Akarudi kwa afisa mcheshi, akamwuliza kama hawana muhuri mdogo. Hawana. Alipopita mara ya nne, dereva mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka. "Mzee, umepoteza nini? Tukusaidie kutafuta?" Wenzake walicheka. Mama wa soda naye alianza kumhesabu. "Hii mara yake ya tano," alimwambia mteja. Balozi wa nchi nzima nzima, mwenye kanuni zilizoandikwa kwenye daftari la watu, alikuwa anakwenda na kurudi barabarani kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Ilipofika saa saba jua lilikuwa la utosi. Alilikalia tena jiwe la mpaka. Akiutoa ukurasa wa ishirini na tisa, Jumanne watamrudisha kwa kukosa nafasi ya kibali. Asipoutoa, Jumanne mkewe atasimama pale peke yake. Alikitazama kibanio mpaka macho yakamwuma. Kwa saa nzima alikuwa amekataa kumpigia simu mkewe, maana kumpigia ni kukiri, na mtegemezi hasa ndiye anayepiga simu nyumbani akiomba aokolewe. Mwishowe alipiga.

Mkewe alipokea hata haijalia vizuri. "Umeshavuka?"

"Nimetoka."

"Umesharudi?"

"Bado."

"Uko wapi?"

"Niko hapa katikati."

"Katikati ya nini?"

"Ya nchi mbili."

Mpima ardhi huwezi kumwambia maneno kama hayo akakuacha salama. "Hakuna katikati," alisema. "Mpaka ni mstari, na mstari hauna upana. Uko upande gani wa jiwe?"

Balozi aliangalia chini. "Nimelikalia."

Akaeleza yote. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kujisikiliza mwenyewe, na kila sentensi ilimtoka ikiwa ya kijinga kuliko iliyotangulia. Alipofika kwenye ukurasa wa ishirini na tisa, mkewe alimkatiza.

"Ngoja. Huo ukurasa unauhifadhia nini?"

"Kibali. Ile stika yao kubwa."

"Stika gani? Kibali siku hizi ni kadi. Unaitia kwenye pochi. Imeandikwa kwenye fomu, ukurasa wa pili, juu kabisa, kwa herufi nene."

Lori moja lilijaribu kuwaka, likakohoa, likazimika.

"Uliniambia umeisoma," mkewe alisema polepole.

Uwongo wa pili ulikuwa tayari, umesimama mlangoni, lakini safari hii haukutoka. "Sikuisoma," alisema.

"Hata ukurasa mmoja?"

"Nilisoma kichwa cha habari."

"Kwa nini?"

"Lile neno. Mtegemezi. Nilishindwa kulipita."

Alitegemea kufokewa, na kufokewa angekuvumilia. Au achekwe, hilo pia angelivumilia. Mkewe hakufanya hata kimoja. Sauti yake ilishuka.

"Unajua siku zako hizi za mpakani mimi huwa naziishije?" aliuliza. "Unadhani nakwenda kazini. Siendi. Nakaa na simu. Mara kumi na mbili nimekuaga mlangoni nikijua kwamba afisa mmoja tu akiamka vibaya, basi, nimekukosa. Wewe unasema unakwenda kunywa soda. Mimi nimechoka. Nimechoka kuwa mahali unapotembelea."

"Mke wangu, nisamehe."

"Sijui. Sijui kama naweza kukujibu kwa simu." Alivuta kamasi. "Na sitakuja huko kukuchukua. Lango unalijua."

Simu ikakatika. Balozi alilia pale pale juu ya jiwe, mbele ya mama wa soda. Siku hizi akisimulia husema lilikuwa vumbi la malori, halafu hukiri kwamba malori yote yalikuwa yamesimama. Alikuwa hajawahi kuona haya kiasi hicho maishani mwake. Miaka mitatu alijiona mtu huru kwa sababu anaondoka na kurudi apendavyo, na miaka hiyo yote kulikuwa na mtu amekaa na simu mkononi anamngoja.

Alisimama, akang'oa kibanio, akaenda kwa afisa mcheshi, akamfungulia ukurasa mweupe yeye mwenyewe.

"Umebadili mawazo!"

"Gonga, ndugu yangu. Popote."

Afisa aligonga katikati, kwa nguvu za mtu aliyekuwa anangoja tangu asubuhi. Akageuza pasipoti, akagonga wa kutoka kichwa chini miguu juu. Mihuri miwili ikaujaza ukurasa mzima. "Karibu tena," alisema, na Balozi akamshukuru kwa dhati.

Kwa mama wa miwani alipewa ile karatasi ndogo anayoijaza kila msafiri. Sababu ya kuingia: utalii, biashara, masomo, familia. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye utalii, kwa mazoea, ukasimama. Akatia alama kwenye familia. Chini yake palikuwa na mstari ambao hajawahi kuujaza, jina la mwenyeji unayemtegemea. Akaandika jina la mkewe, lote, mpaka la babu.

Mama aliisoma karatasi, akaisoma pasipoti, akafungua kurasa za nyuma moja moja.

"Mara kumi na mbili umeingia kama mtalii," alisema. "Kwetu hapa kuna kitu gani cha kutazamwa mara kumi na mbili?"

"Mke wangu."

Mama aliinua macho. "Na leo?"

"Leo nakwenda nyumbani, afande. Nilikuwa naandika vibaya."

Hakutabasamu, ila aliweka kalamu chini. "Nikuambie kitu, maana naona hukijui. Ukiandika utalii nakupa siku tisini. Ukiandika familia nakupa thelathini, za kushughulikia kibali chako. Thelathini zikiisha huna kibali, unaondoka, na ukija hapa dirishani na soda yako hatukugongei tena kamwe. Nikupe karatasi nyingine?"

Siku tisini. Miezi mitatu mingine ya kutembea kifua mbele na kutoa ushauri mlangoni. Balozi mzima mzima alikuwa kwenye karatasi hiyo nyingine. Na kama Jumanne ingeharibika kwa sababu yoyote, tisini zingemwokoa, thelathini zingemmaliza. Alilijua hilo vizuri. Hayo ndiyo mambo pekee aliyoyajua kweli.

"Gonga thelathini," alisema.

Mama akagonga, kwenye ile nafasi ya kiberiti kimoja iliyobaki ukurasa wa kumi na saba, kwa uangalifu, muhuri usigusane na mwingine.

Alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Mkewe alikuwa kwenye meza ya chumba cha nyuma, hajabadili nguo za asubuhi, na fomu imetolewa chini ya kamusi. Hakumwitikia salamu. Alinyoosha mkono apewe pasipoti, akaipekua mpaka akaupata muhuri wa leo, akausogeza karibu na taa.

"Wamekupa thelathini."

"Niliandika familia."

"Ungeandika utalii ungepata tisini."

"Najua. Aliniambia kabla hajagonga."

Mkewe aliendelea kuutazama muhuri muda mrefu kuliko ulivyohitaji kutazamwa. Kisha akaifunga pasipoti, akavuta kiti cha pili kwa mguu.

"Kaa," alisema. "Soma. Yote."

Akasoma. Alisoma kama anavyosoma kazi ya watu, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Ukurasa wa pili ulisema kadi, kwa herufi nene. Wa tatu na wa nne zilihusu chanjo. Ukurasa wa saba ulikuwa wa kujazwa na mke, na ulikuwa umejazwa kwa mwandiko wa mpima ardhi, mdogo, ulionyooka, wenye tarehe ya miezi mitano iliyopita. Mwombaji anakutegemea kwa mambo gani? Chakula: Hapana, yeye ndiye anayepika. Malazi: Ndiyo, lakini analalia upande wangu. Matibabu: Hapendi kwenda hospitali, namlazimisha.

Swali la mwisho liliuliza, je, nawe unamtegemea mwombaji kwa lolote? Eleza kwa kifupi. Waliacha mistari mitatu. Mkewe aliijaza yote mitatu, akapanda pembeni mwa ukurasa, akazunguka, akaendelea upande wa nyuma. Aliandika kwamba kazi humpeleka mbali wiki nzima kupima viwanja vya watu, na kwamba kabla hajaolewa hakuwahi kuwa na haraka ya kumaliza. Aliandika kwamba baba yake alipokufa, mume wake hakuwa na neno lolote la maana la kumwambia, ila aliingia jikoni akaosha vyombo vya wageni wote kwa siku tatu, na alipomwona pale mbele ya beseni, mikono imejaa povu, ndipo alipojua kwamba atapona. Aliandika kwamba katika kupima ardhi lazima uwe na nukta moja isiyosogea, uipimie kila kitu kutoka hapo, na kwamba yeye nukta hiyo anayo, na serikali ikimwondoa mtu huyu hatajua tena chochote kiko umbali gani.

Balozi alisoma hadi mwisho, akarudia mwanzo, akasoma tena. Herufi zilikuwa zinacheza. Miezi mitano maneno haya yalikuwa mezani kwake, chini ya kitabu, kwa umbali wa mkono.

"Umeandika mpaka nyuma ya ukurasa," alisema.

"Nafasi waliyoacha ilikuwa ndogo," mkewe alisema, akamsogezea kalamu.